Neno Lililokatazwa kwa Mama Pindo

Ukitaka kumkera Mama Pindo, mwambie sare aliyomshonea mwanao ni kubwa. Atavua miwani, atachomeka chaki nyuma ya sikio, halafu atakuuliza kama ulichozaa ni mtoto au ni kisiki. "Kisiki ndicho hakikui," atasema. "Huyu ni msichana wa miaka kumi na miwili. Analala mtu huyu, anaamka mtu mwingine. Wewe unataka nimshonee nguo ya jana?" Mzazi anaondoka ananung'unika na sare yake pana mkononi, na kabla mwaka haujakatika anarudi mpole kama maji ya mtungini, kamshika mkono mtoto wa pili.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu chini ya kila sketi anakunja pindo la kutosha kushonea nguo nyingine, na kila mshono wa ubavuni anauachia akiba ndani, ili mwenye nguo akipanuka, nguo nayo ipanuke. Kuzaa hakuzaa. Umama wake wa kwanza aliupata kwenye mapindo. Wa pili aliupata kwa dada yake, kwa njia ambayo hakuna mtu anayeiombea dua.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Ana cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kugombana nayo. Ana meza ya kukatia, na kwenye kona ana pazia la maua ambalo nyuma yake amepita kila msichana wa mtaa ule. Ukiingia humo unaambiwa uinue mikono, upumue, usijikaze kama unapigwa picha. Akimkuta binti amekunja mabega ili kuficha kifua kilichoanza kujitokeza, anampiga kofi jepesi mgongoni. "Simama wima! Hayo ni matiti, si majipu. Nani kakwambia unayaficha?" Binti anacheka kwa aibu, utepe unazunguka, namba inaandikwa kwa chaki ukutani, kazi inaendelea. Kwa mabinti wa watu, basi, mdomo wa Mama Pindo haukuwa na kifuniko.

Nyumbani kwake ilikuwa habari nyingine kabisa.

Dada yake alikufa kwa uvimbe wa titi la kushoto, akaacha mtoto wa kike wa miaka saba. Siku ya msiba, wanawake wamekaa kwenye mikeka, mmoja wao akavuta pumzi ndefu akasema, "Ndiyo hivyo, mficha maradhi, kilio humuumbua." Alisema kwa sauti ya huruma, ile huruma yenye sindano ndani. Mama Pindo aliinuka alipokuwa amekaa, akamshika yule mama kwapani, akamtoa nje yeye na sufuria aliyokuja nayo. Kisha akarudi, akasimama katikati ya wafiwa wenzake, akatangaza kwamba ndani ya nyumba ile neno uvimbe halitatajwa tena, wala ugonjwa wa dada yake, wala hospitali. Hata redio, kipindi cha afya kikianza, ilizimwa. Watu wazima walidhani ni uchungu wa siku moja. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa amekaa pembeni, amekumbatia magoti, aliichukua kama amri.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, na hilo jina lilimkaa sawasawa. Yule alikuwa akiongea tangu anapofumbua macho. Alikuwa anaweza kukusimulia maji yalivyochemka. Akitumwa dukani anarudi na habari za muuza duka, mke wake, paka wao, na mara nyingine anarudi na chumvi. "Mwanangu, meza mate kwanza," Mama Pindo alikuwa akimwambia, naye anameza kweli, halafu anaanzia pale pale alipoachia.

Sasa mwaka ule aliotimiza miaka kumi na miwili, Chiriku akanyamaza.

Mwanzoni Mama Pindo alishukuru. Masikio yake yalipata likizo. Lakini kimya cha mtoto msemaji ni kama kimya cha mtoto mdogo chumbani, ukikisikia ujue kuna jambo. Akaanza kuangalia. Akaona binti anatembea amekumbatia begi la shule kifuani, halivai tena mgongoni. Akaona sweta juu ya joto la mchana, kijasho kinamtiririka na hataki kulivua. Kisha akaona vitu vinatoka nyumbani kimoja kimoja: kamba ya kurukia imekwenda kwa mtoto wa jirani, kopo la shanga limekwenda kwa rafiki yake wa darasani, viatu vya wazi alivyovililia hadi akanunuliwa navyo vikaenda.

"Mbona unagawa vitu kama mtu anayehama?"

"Sivihitaji tena, mama mdogo."

"Ala! Umeamua kuwa mtawa?"

Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Safari hii alitazama sakafu tu. Na siku hiyo hiyo, wakiwa wanakula, akauliza bila kuinua kichwa: "Mama yangu aliumwa muda mrefu?"

"Kula. Chakula kinapoa."

Mtoto akala.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikuja dukani kuomba sindano, akaipata, asiondoke. "Shoga yangu," akasema, akiegemea meza ya kukatia, "mimi si mtu wa maneno, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nimeshika mkasi."

"Mtoto kanyamaza. Anajifunika masweta. Juzi nimemgusa kifua bahati mbaya pale bombani, karuka kama kaungua. Fungua macho, dada. Mtoto wa kike ni mtoto wa kike."

"Sema unachotaka kusema."

"Sisemi kitu. Nasema tu, umpeleke akapimwe mkojo."

Mama Pindo alimjibu majibu ambayo hayafai kuandikwa, na msusi alitoka mbio akaiacha hata ile sindano. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kufagiwa. Mchana kutwa alikuwa akishona na huku anahesabu wanaume wote wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, anamtafuta wa kumng'oa meno. Chiriku aliporudi kutoka shule hakumpa hata nafasi ya kuweka begi.

"Ni nani?"

"Shikamoo, mama mdogo. Nani?"

"Huyo."

"Huyo nani?"

"Usinizungushe, mimi si bobini! Kama kuna mwanaume amekugusa, nitajie. Nitamshona mdomo leo hii, kwa uzi wa viatu."

Chiriku alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Kisha akaelewa. Kikamtoka kicheko kidogo, kikavu, na nyuma ya kicheko yakaja machozi. "Hakuna mtu, mama mdogo. Wala hatakuwepo. Muda wenyewe uko wapi?" Akapita zake ndani.

Muda wenyewe uko wapi. Mama Pindo alibaki amesimama na mkasi wake. Maneno yale yalikuwa ya mtu mzee, na aliyeyasema bado alikuwa anafunga nywele kwa utepe.

Jumamosi ya mwisho ya likizo duka lilijaa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na Chiriku mwenyewe alikuwa anaingia shule mpya, yenye sare ya rangi nyingine. Kitambaa chake Mama Pindo alikuwa amekichagua mapema, akakificha chini ya vingine vyote ili asije mteja mwenye macho akakitamani. Alimwita nyuma ya pazia mbele ya wazazi waliokuwa kwenye foleni, kwa sauti ya kazi, sauti ambayo haikuacha mlango wa kukataa.

"Inua mikono."

"Usinishonee," Chiriku akanong'ona. "Kitambaa kizuri hicho. Mpe mtu mwingine. Kwangu kitaharibika bure."

"Nimesema inua mikono. Foleni umeiona."

Akainua. Utepe ukapita mabegani salama, ukapita mgongoni salama, ukazunguka kifua. Mama Pindo alivuta kidogo tu, kama anavyovuta kwa kila mtu, na mtoto akapiga ukelele uliowafanya wazazi wote waliokuwa nje ya pazia wanyamaze. Akamsukuma mama yake mdogo, mwanamke wa kilo zake, akampita, akakimbilia ndani ya nyumba.

Mama Pindo alitoka nyuma ya pazia, akawaambia wateja kwamba ni pini imemchoma, akakaa kwenye cherehani. Akakanyaga pedali. Alikuwa anajua sasa kwamba habari ya mkojo ilikuwa upuuzi wa msusi. Tatizo lilikuwa kifuani, na liliuma. Na lile neno alilolifukuza nyumbani kwake lilikuwa limerudi, limekaa pale pale mbele yake, halina hata haya. Aliendelea kushona ili asilitazame. Aliposimamisha mashine akaona ameshonea mkono wa shati kwenye kola.

"Liwalo na liwe," akasema kwa sauti, akasukuma kiti.

Nyuma ya duka kuna chumba kidogo cha kupigia pasi. Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliufungua bila kubisha. Pasi ilikuwa ya moto. Chiriku alikuwa ameiwekea kitambaa kibichi kilichokunjwa, amekipasha, na sasa amekiingiza ndani ya blauzi, anakikandamiza kwenye titi la kushoto. Meno ameyauma. Macho ameyafumba.

Vile ndivyo Mama Pindo mwenyewe alivyokuwa akimfanyia dada yake ile miezi ya mwisho, chumba hicho hicho, kwa kitambaa kilichokunjwa vile vile mara nne, ili kumtuliza maumivu.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wewe," Chiriku akasema. "Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nasimama hapo mlangoni."

Mama Pindo alizima pasi. Alikitoa kile kitambaa taratibu, akaona ngozi imeiva wekundu, na pembeni kuna alama ya zamani iliyokwisha kubabuka. Hiyo haikuwa mara ya kwanza.

"Kuna kitu, mama mdogo," mtoto akasema, na alipoanza yakatoka yote kwa mkupuo. "Kiko hapa chini ya chuchu. Kigumu. Kinauma. Kiko upande mmoja, wa kushoto, kama wa mama. Nilikigundua nikioga, nikadhani nimejigonga, nikasubiri kiondoke, hakiondoki, kinakua. Nikasema nikiyeyushe kabla hujajua, maana wewe ulilia sana kwa mama, na sasa utabaki na nani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikataza."

Ulikataza. Mama Pindo alinyoosha mkono akagusa. Kilikuwepo kweli: kigumu, kidogo, saizi ya punje ya harage, na mtoto akashtuka alipokigusa. Mama Pindo alikuwa mtu mzima. Naye aliwahi kuwa na miaka kumi na miwili, naye kifua chake hakikushuka mbinguni kikiwa tayari. Alipaswa kujua. Lakini hofu haijasoma, na ikiingia inawafukuza wote waliosoma. Alichokiona mbele yake kilikuwa titi la kushoto na uvimbe ndani yake. Kingine chochote alichowahi kujua kuhusu miili ya wasichana kilimtoka kichwani kama maji kwenye chujio.

Akafunga vifungo vya blauzi ya mtoto, kimoja kimoja.

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Mama alikwenda hospitali," Chiriku akasema, "hakurudi."

"Mimi na wewe tutakwenda na tutarudi. Vaa viatu kabla sijakubeba mgongoni, na ulivyorefuka miguu yako itaburuta."

Kule dukani wazazi walimwona anatoka na mkoba, amejifunga kitambaa kichwani, kamshika binti mkono. "Fundi! Shule Jumatatu!" akalia baba mmoja. "Watoto wetu wataendaje?"

"Wataenda kwa miguu," Mama Pindo akajibu. "Sare nitawamalizia kesho, nikikosa usingizi. Nikishindwa, mwambieni mwalimu fundi kapandwa na wazimu." Akawatoa wote, akashusha mlango wa bati, akatia kufuli. Msusi alichungulia kutoka kwake, kichana mkononi, mteja nusu kasukwa. Hakuwahi hata kufungua kinywa. Mama Pindo alimwangalia jicho moja tu, msusi akarudi ndani mwenyewe.

Hospitali ilikuwa barabara mbili kutoka pale, lakini Mama Pindo alikuwa hajapita mbele yake tangu siku walipotoka na mwili wa dada yake. Akiwa na safari ya upande ule alizungukia kwa wauza mbao, hata kama ana mzigo, hata kama mvua inanyesha. Leo alinyoosha moja kwa moja. Walipofika getini miguu yake ikagoma. Ilisimama tu, kama punda aliyeona daraja bovu. Jasho la kiganja cha mtoto lilikuwa limechanganyika na la kwake, halijulikani la nani ni lipi.

"Turudi, mama mdogo," Chiriku akasema.

Sentensi hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Mama Pindo mdomoni. Kusikia mwingine ameitangulia kukamtia hasira, na hasira ikawa mkongojo. Akapiga moyo konde. "Hatujashona hatua zote hizi kuja kufumua getini," akasema, akamvuta wakaingia.

Kwenye dirisha la mapokezi alikaa kijana mwenye kalamu. "Tatizo nini, mama?" Nyuma yao benchi lilikuwa limejaa, na watu wa benchini wana masikio marefu kuliko wagonjwa wengine wote. Mama Pindo alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amewahi kuwatukana madalali, amewahi kumfukuza mwizi kwa rula ya chuma. Neno moja hili lilimshinda.

"Mama? Foleni."

"Uvimbe," akasema. Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, akalisukuma na wenzake. "Uvimbe wa titi. Wa mtoto. Na mimi ndiye mama yake."

Alihisi mkono wa Chiriku unamkaza. Tangu siku ya msiba, ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kulisikia neno lile kinywani mwa mama yake mdogo.

Daktari alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, amevaa koti jeupe ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa umefumuka unaning'inia. Mama Pindo alianza kueleza, na alianzia mbali, tangu ujana wa dada yake. Daktari akainua mkono. "Nitakusikiliza, mama. Ila kwanza nataka mwenye mwili anieleze mwenyewe." Akamgeukia Chiriku. "Haya, bibie. Umeona nini?"

Chiriku alieleza, akikazia macho ule mfuko uliofumuka. Akapelekwa kitandani, akavua sweta, akavua blauzi. Daktari aliosha mikono, akaipasha kwa kuisugua, akapima kushoto, akapima kulia, akapima kwapani, akauliza kama kinauma kikiguswa, kama amerefuka mwaka huu, kama kuna vinyweleo vimeanza kwapani au kule chini. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Alipoziona zile alama za moto daktari alikunja uso, akaendelea kupima.

"Wewe unadhani hiki ni nini?"

"Ndicho kilichomuua mama."

Daktari aliacha kupima. Akavuta kiti, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Sikiliza. Kilichomuua mama yako kilikuwa ugonjwa. Hiki si ugonjwa. Hili ni titi."

"Titi?"

"Linaanza. Ulidhani linatokea likiwa zima, kama mkate kwenye tanuri? Linaanza hivi hivi, kidonge kigumu chini ya chuchu. Linauma ukiligonga, linauma hata nguo ikisugua. Na kwa wasichana wengi linaanza upande mmoja, la pili linafuata baada ya miezi kadhaa. Hata yakishakua, moja linaweza kuwa kubwa kidogo kuliko mwenzake maisha yote. Hakuna aliyepimwa kwa mizani."

"La kulia halijaanza."

"Litaanza. Limechelewa kuamka tu."

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hili? Hata kidogo."

Mtoto akashusha pumzi. Alilia kilio cha sauti, cha mtoto mdogo, cha mdomo wazi, na daktari akamwacha alie. Mama Pindo alikuwa amesimama ukutani amekumbatia mkoba. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, na wa kupigwa alikuwa yeye mwenyewe. Yeye! Aliyewasimamisha wima mabinti wa watu wote wa mtaa! Wa kwake alikuwa akijichoma moto hatua kumi kutoka cherehani yake, na yeye anaachia wengine nafasi ya kukua.

Kilio kilipokwisha, lile bomba lililoziba likazibuka. Chiriku akauliza na vile vinyweleo ni vya nini, na kwa nini jasho lake siku hizi linanuka kama la mtu mzima, na vipele vya usoni vinatoka wapi, na kile kitu cheupe anachokiona kwenye chupi kama ni usaha. Daktari alijibu kila kimoja bila kushusha sauti. Kile cheupe si usaha, ni mwili unajisafisha, na ni dalili kwamba hedhi haiko mbali sana. Hedhi akaieleza: kila mwezi mji wa mimba unajitandikia utando laini ndani yake, na ikiwa hakuna mimba utando unatoka pamoja na damu, siku chache, kisha unaanza upya. Mwanzoni haifuati kalenda. Inaweza kuja, ikapotea, ikarudi. Tumbo linaweza kukaza. Si laana, si jeraha, si adhabu ya mtu.

"Damu nyingi?"

"Kidogo kuliko utakavyodhani ukiiona."

"Nikiwa darasani je?"

"Unabeba pedi kwenye begi. Na unamwambia huyu hapa." Akaonyesha Mama Pindo kwa kidevu. "Na jambo la mwisho. Kitambaa cha moto usiweke tena, wala usibane wala usikandamize. Titi haliyeyuki, unajichoma bure, na unaweza kuliharibu. Nitakupa dawa ya kupaka hapo palipoungua."

"Nimesikia, daktari," Chiriku akasema, akavaa blauzi. Kisha akauliza maswali mengine sita.

Walipokuwa wanaaga, daktari alimshika Mama Pindo kiwiko. "Marehemu alikuwa dada yako wa toka nitoke?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi wewe ndiye nilitakiwa nikuone. Wewe na mama yake mmetoka tumbo moja, na umri wako ndio huo. Umeshawahi kupimwa matiti?"

"Mimi mzima."

"Sikuuliza kama u mzima. Nimeuliza kama umepimwa."

"Sare za watu zimelala mezani, daktari. Leo nimemleta mtoto. Siku nyingine, Mungu akipenda." Alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika kitasa.

Chiriku hakumfuata. Alibaki amesimama kando ya kitanda. "Mama mdogo," akasema, "mama alimwambia nani? Siku alipouona mara ya kwanza."

Kitasa kilikuwa cha baridi. Mama Pindo alikitazama. Angeweza kusema chakula kinapoa, lakini pale hapakuwa na chakula.

"Hakumwambia mtu," akasema. "Alikaa nao mwaka mzima. Alijifunga vitambaa ndani kwa ndani. Aliponiambia mimi ulikuwa umeshakuwa kidonda, na madaktari hawakuwa na la kufanya."

"Kwa nini hakusema?"

"Alikuwa anaogopa."

"Na wewe unaogopa?"

Benchi lote la nje lingesikia, na Mama Pindo hakujali. "Naogopa, mwanangu," akasema. "Tangu azikwe sijajigusa. Hata nikioga napitisha maji haraka, naangalia pembeni, nisije nikakuta kitu."

Chiriku akaja, akamtoa mkono kwenye kitasa, akarudisha mlango ukafunga. Alikuwa anamfika begani sasa. Akamvuta mpaka kitandani, akachukua mkoba wake.

"Mimi nimevua," akasema. "Na wewe vua."

Daktari alikwenda kuosha mikono. Mama Pindo akasimama pale akisikiliza maji yakimwagika, kisha akainua vidole vyake, akaanza kufungua vifungo.